Kamera Tumboni mwa Gicheru

"Mwizi gani huyu," Inspekta Jerono aliuliza, "anamwibia mtu halafu anamfunika blanketi?"

Konstebo Kizito alikuwa ameinama chini ya kitanda akitafuta hata yeye hajui nini. Daktari Mary Ann alisimama dirishani, mikono kifuani, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Jana mchana kitanda hicho kilikuwa na Gicheru, mfanyabiashara wa mbegu za viazi kutoka Kitale. Asubuhi hii alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi upande wa pili wa korido, anaongezwa damu juu, anaipoteza chini.

"Nielezee tena, daktari. Polepole. Mimi nilisomea wezi, matumbo sikusomea."

Daktari akavuta pumzi. "Anatokwa damu ndani. Tulimpitisha mpira wenye kamera mdomoni, hatukuona kitu. Tukampitisha mwingine kutoka chini, hatukuona kitu. Kwa hivyo anavuja katikati, kwenye utumbo mwembamba, mahali mpira haufiki. Ndiyo tukampa kidonge."

"Kidonge chenye kamera."

"Ukubwa wa haragwe. Anakimeza asubuhi, kinashuka chenyewe kikipiga picha, na kila picha inarushwa kwa rekoda iliyo kwenye mkanda hapa kiunoni. Kidonge kitatoka chooni, hicho hatukitaki. Picha ziko kwa rekoda. Na rekoda ndiyo imeibwa."

"Si ameze kingine?"

"Kingine kitoke Nairobi, kifike Bungoma, akimeze, tungoje kitembee kutwa nzima? Hana huo muda, Inspekta. Mpasuaji yuko tayari, ananingoja mimi nimwambie akate wapi. Utumbo ule ukiunyoosha hautoshi kwenye korido hii. Nimwambie akate wapi?"

"Mpelekeni Eldoret."

"Atakufia njiani. Bila zile picha kabla jioni haijaingia, tunampoteza." Alisema bila kupaza sauti, na Jerono akaacha kuuliza maswali ya kijinga.

Akauchukua mkanda. Kitambaa kigumu cheusi, na mfuko mtupu ubavuni palipokuwa na rekoda. Haukuwa umekatwa. Mtu alifungua kifungo, akachomoa rekoda, akakifunga tena. Muuguzi aliyemkuta Gicheru saa tisa alisema alikuwa amelala fofofo, blanketi mpaka shingoni, na ncha zake zimechomekwa chini ya godoro pande zote.

Kizito akainuka akipangusa magoti. "Afande, hii kesi imeisha. Dancan, fundi wao wa mitambo, leo hajaja kazini. Nimempigia, ananiambia ati yuko Lwakhakha. Lwakhakha, afande! Kitu cha umeme kikivuka ile daraja kuingia Uganda si umekisahau?"

"Dancan anajua mashine hii?"

"Ndiye anaichaji."

"Basi anajua rekoda haisomeki bila kile kitako inachokalishwa na ile kompyuta. Viko wapi?"

Daktari akaonyesha chumba cha pili kwa kidevu. Kompyuta ilikuwa mezani, na kitako kando yake, taa ndogo inawaka. Mlango ule haukuwa na kufuli.

"Mwizi wa kuuza angebeba vyote," Jerono alisema. "Huyu ameacha vya maana akabeba kimoja ambacho peke yake hakina kazi. Lakini wapigie wenzetu wa Lwakhakha, usije ukaniambia baadaye sikukusikiliza."

Wenzao wa Lwakhakha hawakuchelewa. Dancan alipatikana kwa wakwe zake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti la kuazima, anajadiliwa mahari. Mkoba wake ulikuwa na sukari na leso mbili za mama mkwe. Kizito alikata simu na hakulitaja tena jina la Dancan.

Jerono akatoka hadi getini. Bawabu, Wanjala, alikuwa mtu wa makamo mwenye sweta ya kampuni iliyofika kitovuni.

"Jana nani alikuja kumwona Gicheru?"

"Bibi yake, madam."

"Saa ngapi?"

"Waliingia na yeye asubuhi. Tena mchana akaingia."

"Alikuwa ametoka?"

Wanjala akafikiria. "Hapana. Hajatoka mpaka saa hii."

"Hajatoka, lakini akaingia tena."

"Sasa madam, wa asubuhi ni mwembamba, alikuwa na thamosi. Wa mchana amejaza, ako na kibeti nyeusi. Huyo hakukaa. Aliingia, akatoka mbio. Na wote wamesema ni bibi ya Gicheru. Mimi nimewekwa hapa kufungua geti, nitaulizaje mtu mambo ya ndoa?"

Jerono akacheka kidogo, puani, na kurudi ndani. Alikuwa amefanya kazi ya upelelezi vya kutosha kujua kwamba mwanaume mwenye wake wawili wasiojuana ana siri, na mwenye wake wawili wanaojuana ana vita.

Wa asubuhi alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mahututi. Aliitwa Rosaline, anauzia wanafunzi wa chuo cha Kibabii chakula. Thamosi ilikuwa mapajani mwake, ameishika kwa mikono miwili.

"Wewe ni nani kwa Gicheru?"

"Ni mtu wangu."

"Mke wake?"

"Nimesema ni mtu wangu, madam. Hayo mengine muulize yeye akiamka."

"Akiamka," Jerono alisema, na akaliacha neno hilo likae. "Juzi jioni alilala wapi?"

"Kwangu."

"Daktari alimwambia asile chochote, tumbo liwe tupu. Alikula?"

Rosaline akaizungusha thamosi. "Alikuja amechoka, amekonda, mifupa inaonekana. Nilikuwa nimechinja kuku. Mtu atoke Kitale, afike kwangu, nimwangalie tu? Kwetu hakuna kitu kama hicho. Nilimpa chakula. Akamaliza yote, na filigisi akakula."

Muuguzi aliyekuwa akipita alisimama, akamtazama Rosaline kwa mdomo wazi, akaendelea na safari yake. Jerono naye aliielewa filigisi. Katika nyumba za huku haipewi mgeni, ni ya mwenye nyumba.

"Kwa hivyo picha zingeonyesha kuku wako."

"Zingeonyesha."

"Na daktari angejua ni wewe umeharibu kazi yake. Una sababu nzuri sana ya kuificha hiyo rekoda, Rosaline."

"Ninayo," Rosaline alikubali, na hilo lilimshtua Jerono zaidi ya kukana. "Hata nilifikiria. Lakini nimekaa hapa tangu jana asubuhi. Nimepekuliwa mpaka nywele. Choo wamefungua, pipa wamemwaga. Ningeiweka wapi, nimeze?"

Hilo lilikuwa kweli. Kizito mwenyewe ndiye aliyemwaga lile pipa.

"Mwingine alipokuja ulikuwa wapi?"

"Nilienda kuteka maji. Niliporudi nikakuta amefunikwa mpaka shingo, jasho inamtoka. Nikataka kumfungua. Mimi simfuniki, saa tisa Bungoma hii, nani anafunikwa? Muuguzi akafika wakati huo huo akaona mkanda hauna kitu." Kisha akasema bila kuulizwa, "Mama Ciru, yule wa nyumbani kwake Kitale, alimpigia simu ile asubuhi, nikiwa hapo. Sauti iko juu, nikasikia yote. Akamwambia, hiyo kamera ikitoka nitakaa na daktari hapo, nione umekuwa ukikula kwa nani."

"Gicheru alisema nini?"

"Alicheka. Baadaye akaniambia, Mama Ciru anadhani tumbo ni CCTV."

Jerono alisimama. Yeye alizaliwa Kapsokwony, chini ya Mlima Elgon, na alijua mikono inayochomeka blanketi chini ya godoro bila kufikiri. Ni mikono ya watu wa baridi. Kitale mtu akilala mchana unamfunika hivyo hivyo, mwenye homa na mzima. Mwanamke aliyekuja kuiba alimkuta mume amelala wazi, akakasirika, akachukua alichofuata, kisha mikono ikafanya ilichozoea kufanya miaka yote ya ndoa.

"Kizito, washa gari. Tunaenda Kitale."

Walipita Kamukuywa na Kiminini bila kusimama hata kununua maji. Kizito aliendesha, Jerono akawa anampigia daktari. Majibu yalikuwa yale yale, yakizidi kuwa mafupi. Presha imeshuka. Tumemwongeza. Imeshuka tena.

Nyumba ya Gicheru ilikuwa Kibomet, pale Kitale, ya mawe, na ghala la viazi nyuma. Nyaruai, ndiye Mama Ciru, aliwafungulia kabla hawajabisha. Mwanamke aliyejaza, kichwa kimefungwa kitambaa, sweta nzito juu ya leso. Aliwaketisha, akaleta chai, akawauliza kama barabara ilikuwa na vumbi. Kibeti cheusi kilikuwa juu ya kabati, mahali pa wazi kabisa.

"Mumeo ni mgonjwa sana," Jerono alisema.

"Najua."

"Na uko hapa."

"Si ako na mtu wa kumwangalia?"

Jerono hakuigusa chai. Alikuwa akiangalia meza ndogo kando ya dirisha. Palikuwa na nyaya za chaji zimerundikwa, za kichwa chembamba, za kichwa kipana, ya simu za zamani, hata ya redio.

"Una simu ngapi, Mama Ciru?"

"Hii tu."

"Na hizo nyaya?"

"Za majirani."

"Majirani wote wanachaji kwako, na umeme wanao?"

Nyaruai akamimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Ikamwagika kwenye kisahani na hakuipangusa.

"Ulijaribu zote," Jerono alisema kwa upole. "Hakuna iliyoingia."

Kizito aliacha kupuliza chai yake.

"Madam, wewe umeolewa?" Nyaruai aliuliza.

"Tunazungumza rekoda."

"Basi hujaolewa." Akaketi, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeongea na jirani juu ya ua. "Mwaka mzima huyu mtu anakula kwangu vijiko viwili anasukuma sahani. Tumbo inauma. Nimepika mukimo, nimeponda ndizi, nimempikia uji wa mtoto. Vijiko viwili. Nikasema ni ugonjwa, nikawa namwonea huruma, nalia nikiosha hizo sahani. Halafu mtu ananiambia, mzee wako tumemwona huko Kibabii, amekaa kwa meza ya mama fulani, anamaliza kuku mpaka anavunja mifupa. Tumbo si ni ile ile, madam? Kwangu inauma, huko haiumi?"

"Kwa hivyo ukataka kuona."

"Nilitaka kamera iniambie. Mtu anadanganya, tumbo haidanganyi."

"Ungeona nyama iliyotafunwa. Haiandikwi jina la mpishi."

"Mimi ningejua," Nyaruai alisema. "Kupika kwangu nakujua hata kukiwa kumetafunwa."

Jerono angeweza kutoa pingu. Angeweza kumwambia Kizito apindue kabati, apekue ghala gunia kwa gunia, na jua lizame wakiwa kwenye viazi. Badala yake aliweka mikono mezani.

"Sikiliza, Mama Ciru. Daktari anahitaji hizo picha ajue pa kukata. Asipozipata, mzee hafiki kesho. Rosaline amekaa mlangoni kwake sasa hivi, na thamosi. Akifa leo, yeye ndiye alikuwa hapo. Watu watakuja matanga hapa Kibomet, wajaze hiyo boma yako, na watauliza mzee alisema nini mwisho. Wewe hutakuwa na la kuwaambia. Itabidi waende wamuulize yeye."

Rangi ilimtoka Nyaruai usoni. Akaweka kikombe chini. Kisha akainua sweta, akafungua fundo la leso, na pale kiunoni, juu ya gauni, rekoda ilikuwa imefungwa kwa kitambaa, imekaa kama ilivyokuwa imekaa kwa mumewe.

"Nililala nayo," alisema, bila kumwangalia yeyote. "Ilikuwa imemshika siku nzima. Mimi hata kumshika hataki, ati anaumia."

Jerono akanyoosha mkono. Nyaruai hakumpa.

"Naenda nayo mwenyewe. Na nitaangalia."

"Utaangalia. Twende."

Bungoma iliwapokea na joto lake. Daktari Mary Ann aliwakuta mlangoni, akaipokea rekoda kwa mikono miwili.

"Ulichomeka waya wowote?"

"Hakuna iliyoingia," Nyaruai alisema.

Daktari akaikalisha kwenye kitako. Taa ikawa nyekundu, ikakaa hivyo. Ikageuka kijani. Kompyuta ikaanza kuvuta picha. Nyaruai alisimama nyuma ya kiti cha daktari, kibeti kimebanwa kwapani. Jerono aliposikia hatua akageuka, akamwona Rosaline amesimama kwenye kizingiti. Wale wawili walitazamana mara moja tu, kisha kila mmoja akaangalia kioo cha kompyuta.

Picha ya kwanza haikuwa ya tumbo. Ilikuwa dari.

"Hii ni nini?" Kizito akauliza.

"Kidonge kikitoka tu kwenye pakiti kinaanza kupiga," daktari alisema, tayari akiharakisha. "Hizi ni za hapa nje, kabla hajameza."

Dari. Dirisha. Kiganja cha mkono. Kisha uso wa Rosaline, karibu mno, umejaa kioo chote, midomo yake imefunguka kidogo, vile mtu anavyofungua mdomo wake mwenyewe akimlisha mtoto. Kisha meno ya Gicheru.

"Simamisha."

"Mama, hatuna muda."

"Rudisha moja. Moja tu, daktari."

Daktari akamtazama Jerono. Jerono akaitikia kwa kichwa. Uso wa Rosaline ukarudi.

Nyaruai aliutazama. "Ulimlisha," alisema. "Kwa mkono wako."

"Alikuwa anaogopa, Mama Ciru," Rosaline alisema kutoka mlangoni. "Alikuwa anatetemeka. Alisema kitamkwama, atakufa hapo hapo. Nikamwambia afungue mdomo tu, asiangalie."

"Nani alikuwa anatetemeka?"

"Yeye."

"Gicheru?"

"Ndiyo."

Nyaruai akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei isiyowezekana. "Kuku ningemsamehe. Kuku hata mimi najua kupika. Lakini huyu mtu sijawahi kumwona akiogopa. Siku walituchomea nyumba, moto uko juu ya paa, alikuwa ananiambia nitafute viatu vizuri kwa sababu tutatembea mbali. Tulipozika mtoto alikuwa anawahesabia watu viti. Miaka hii yote nimelala na mwanaume wa mawe, nikajua ndivyo alivyoumbwa. Kumbe woga anao, ila hauleti kwangu." Sauti yake ikakatika. "Endelea, daktari. Tafuta hapo anavuja."

Daktari hakungoja aambiwe mara mbili. Tumbo likaja, na kuku wa Rosaline akiwa ndani yake, nyuzi za nyama na ugali wa wimbi, picha baada ya picha chafu zisizofaa kitu. Kisha kidonge kikavuka, na utumbo mwembamba ukafunguka mbele yao, safi, wa waridi, na daktari akaegemea mbele mpaka pua ikakaribia kioo. Waridi. Waridi. Kisha nyekundu. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena, na hapo likaonekana tundu dogo lisilofika ukubwa wa kichwa cha kiberiti, linatoa damu.

"Ni hapa," alisema. "Si mbali na tumbo. Asante Mungu, si mbali." Alikuwa ameshainua simu kumwita mpasuaji.

Mambo yakaenda mbio baada ya hapo. Kitanda kikasukumwa koridoni, magurudumu yakipiga kelele, kikasimama mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji. Muuguzi akatoka, barakoa chini ya kidevu.

"Amezinduka kidogo. Mtu mmoja wa familia anaweza kumwona kabla hajaingia. Mmoja tu, na haraka."

Rosaline aliinamisha kichwa na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alijua nafasi yake, na hakujaribu kubishana. Nyaruai akanyoosha leso, akampa Jerono kibeti amshikie, akaenda. Hatua zake zilikuwa za mwenye mali. Alifika hatua moja kutoka kitandani, mahali ambapo Gicheru hangeweza kumwona, akasimama.

Mkono wa Gicheru ulikuwa nje ya shuka. Ulikuwa unatetemeka.

Nyaruai aliutazama mkono ule kwa muda ambao muuguzi aliuona mrefu. Muuguzi akakohoa kumharakisha. Nyaruai akageuka, akarudi alikotoka, akamkabili Rosaline karibu kiasi cha kumpiga, na Jerono akasogea nusu hatua.

"Nikienda mimi atajikaza," Nyaruai alimwambia. "Atanyamaza, ataniuliza kama viazi vimepakiwa. Nenda wewe."

Rosaline hakusogea.

"Nenda, mtu anaogopa." Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyapangusa. "Na ukitoka hapo, pitia ule mlango mwingine. Sitaki kukuona ukiwa umetoka kumshika."